Mkono wa Mtoto ni Shahidi: Historia ya Kupima na Kuchanja Watoto wa Masomo juu ya Kifua Kikuu



Wengi wetu tuna kovu dogo mkononi. Tulilipata tungali wachanga, au siku moja masomoni, waganga walipofika, nasi tukapangwa mstari, wengine wakilia, wengine wakicheka ili wasilie. Tangu siku ile hatukulifikiri tena. Lakini kovu hilo lina historia ndefu, na historia hiyo inatuhusu sisi mapadri, wafrateri na wakatekista kuliko tunavyodhani. Maana kazi yetu ni kukaa na watoto katika nyumba moja, kuwafundisha kwa sauti, kuimba nao, saa nyingi, na wakati wa mvua milango na madirisha yamefungwa.

Nataka kueleza hapa namna watu walivyojifunza kupima watoto juu ya ugonjwa wa kifua kikuu, kisha kuwachanja, na mafundisho gani tunayapata katika kazi hiyo. Neno lenyewe ni hili: mkono wa mtoto ni shahidi. Na mara nyingi ushuhuda wake haumshitaki mtoto. Unamwonyesha mtu mkubwa anayekohoa karibu naye.

I. Ugonjwa uliodhaniwa kuwa wa ukoo

Zamani, katika nchi nyingi, watu walidhani kifua kikuu ni ugonjwa wa ukoo. Waliona baba anakufa, kisha mtoto, kisha shangazi, wote katika nyumba moja. Wakasema: “Damu ya jamaa hii ni mbaya.” Hata kwetu wapo wanaosema hivyo mpaka leo, na wengine wanaongeza habari za uchawi na kutafuta mtu wa kumshitaki.

Tarehe 24 Machi 1882, huko Berlin, mganga Robert Koch alionyesha mbele ya waganga wenzake kijidudu chenyewe kinacholeta ugonjwa huo. Basi ikajulikana kwamba si laana wala si damu mbaya. Mwenye kifua kikuu akikohoa, akicheka, akiimba, anatupa hewani matone madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Mwingine akiyavuta pamoja na pumzi, vijidudu vinaingia kifuani mwake. Watu wa nyumba moja wanafuatana kaburini kwa sababu wanavuta hewa moja.

Lakini kujua sababu si kupata dawa. Miaka 15 ilipita tangu Koch aliposema neno lake, na tarehe 30 Septemba 1897 Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yezu alifariki katika Karmeli ya Lisieux, mwenye miaka 24, kwa ugonjwa huo. Mwaka wa 1905 binamu yake, aliyekuwa mtawa katika nyumba ileile, alikufa naye kwa ugonjwa uleule. Tunamheshimu Tereza kama msimamizi wa misioni tangu mwaka wa 1927, na tunasoma habari za mateso yake kwa ibada. Ni vema. Lakini tukumbuke pia kwamba mateso yale yalikuwa na jina, na jina hilo lingali linaandikwa kila siku katika vitabu vya hospitali zetu.

II. Dawa iliyoshindwa ikawa shahidi

Mwaka wa 1890 Koch alitangaza kwamba amepata dawa. Alikuwa amewakuza vijidudu vya kifua kikuu, akaviua, akatoa ndani yake maji yaliyoitwa tuberkulini. Wagonjwa walikimbilia Berlin kutoka pande zote za Ulaya. Matumaini yalikuwa makubwa. Huzuni iliyofuata ilikuwa kubwa zaidi. Tuberkulini haikuponya. Wagonjwa wengine ilizidisha hali yao mbaya, wengine wakafa. Jina la Koch likapata doa.

Hata hivyo waganga waliangalia jambo moja. Mtu mwenye vijidudu vya kifua kikuu mwilini akipigwa sindano ile, mwili wake unageuka: homa inapanda, ngozi inavimba. Mtu asiye navyo hapati kitu. Maji yale hayakuweza kuponya, lakini yaliweza kusema ukweli.

Aliyelifahamu jambo hilo vizuri kwa ajili ya watoto ni Clemens von Pirquet, mganga wa watoto mjini Vienna. Wafrateri watapenda kujua kwamba mtu huyo hakuanza na uganga. Alisoma kwanza teolojia huko Innsbruck, kisha filosofia huko Leuven katika nchi ya Ubelgiji, ndipo akageukia kazi ya uganga. Mwaka wa 1907 alionyesha njia rahisi: kutia tone la tuberkulini juu ya ngozi ya mkono na kukwaruza kidogo mahali pale. Akipima watoto wa Vienna aliona jambo la kushangaza. Kati ya watoto wachanga, wenye alama walikuwa wachache. Kadiri miaka ya watoto ilivyoongezeka, ndivyo wenye alama walivyozidi. Na kati ya wale waliokaribia miaka 14, wengi sana walikuwa nayo, ingawa walionekana wazima wakicheza barabarani.

Maana yake ni nini? Kuwa na kijidudu mwilini si sawa na kuwa mgonjwa. Kwa watu wengi kijidudu kinalala, mwili unakizunguka kama boma, na pengine hakiamki mpaka kufa kwao. Lakini kwa wengine kinaamka, hasa mtoto akiwa mdogo sana, au akiwa na njaa, au akitoka katika surua. Zaidi ya hayo, kila mtoto mwenye alama alikipata kijidudu mahali fulani, kwa mtu fulani. Hakuzaliwa nacho.

Mwaka wa 1908 mganga Mfaransa Charles Mantoux alitengeneza njia ile kwa sindano nyembamba: kipimo kidogo cha tuberkulini kinaingizwa ndani ya ngozi yenyewe, sehemu ya mbele ya mkono chini ya kiko. Baada ya siku 2 au 3 mganga anarudi, anagusa uvimbe mgumu kwa kidole na kuupima kwa milimetri. Wekundu hauhesabiwi, kinachohesabiwa ni ugumu. Njia hiyo inatumika hata leo.

Nani kati yetu asiyekumbuka hapa kitabu cha Walawi? Katika Agano la Kale kuhani ndiye aliyeangalia alama ya ngozi. Hakutoa neno kwa haraka: alimweka mtu kando siku 7, kisha akamtazama mara ya pili. Kupima mtoto kunadai uvumilivu wa namna hiyo. Anayepiga sindano leo asiporudi kesho kutwa kuangalia, hakufanya kitu.

III. Kazi ya miaka 13

Tuje sasa kwenye chanjo. Albert Calmette alikuwa mganga wa majeshi ya maji ya Ufaransa. Alipokuwa kijana alifanya kazi pia katika Gabon na Kongo ya Wafaransa. Baadaye aliongoza Institut Pasteur ya Lille, mji wa viwanda ambapo kifua kikuu kiliwaua wafanya kazi wengi pamoja na watoto wao. Mwenzake, Camille Guérin, alikuwa mganga wa wanyama. Huyo alikuwa na sababu yake ya kuuchukia ugonjwa: baba yake aliuawa nao, na baadaye mke wake.

Mwaka wa 1908 walianza kukuza kijidudu cha kifua kikuu cha ng’ombe juu ya vipande vya viazi vya Ulaya vilivyopikwa katika nyongo ya ng’ombe na gliserini. Kila baada ya majuma matatu hivi walikihamisha katika viazi vipya. Waliona kwamba pole pole kijidudu kinapoteza ukali wake. Wakaendelea. Vita ya 1914 ikaanza, Wajerumani wakaikamata Lille, vyakula na vitu vya kazi vikawa haba; wao wakaendelea. Walihamisha kijidudu kile mara 230, muda wa miaka 13. Mwishowe hakikuweza tena kuua mnyama, lakini kiliufundisha mwili kupigana. Hicho ndicho kilichoitwa BCG, yaani Bacille Calmette-Guérin.

Mtoto wa kwanza aliipata mjini Paris mwaka wa 1921, kwa mkono wa mganga Benjamin Weill-Hallé. Mama yake alikuwa amekufa kwa kifua kikuu muda mfupi baada ya kumzaa, na bibi aliyepaswa kumlea alikuwa na ugonjwa huohuo. Mtoto alinyweshwa chanjo, akakua pasipo kuugua. Ona, tangu mwanzo shida ilikuwa ile moja: mtoto mchanga mikononi mwa mtu mkubwa anayempenda na anayekohoa.

IV. Kilio cha Lübeck

Historia ya kweli haifichi mabaya. Mwisho wa mwaka wa 1929 mji wa Lübeck, katika Ujerumani, ulianza kuwapa watoto wachanga BCG kwa kinywa. Mbegu ya chanjo ilitoka Paris, lakini chanjo yenyewe ilitengenezwa palepale, katika laboratori iliyokuwa na vijidudu vikali pia. Vitu vikachanganyika. Watoto zaidi ya 250 walinyweshwa, na zaidi ya 70 walikufa. Wazazi waliwaleta watoto wazima, wakawazika.

Kesi ilikatwa mwaka wa 1932. Ilijulikana kwamba kosa halikuwa la chanjo ya Calmette, bali la mikono iliyoitengeneza pasipo uangalifu. Waganga wawili walihukumiwa kifungo. Lakini habari mbaya ina miguu myepesi. Katika nchi nyingi watu waliikataa BCG kwa miaka mingi. Calmette alikufa mwaka wa 1933, kabla ya kuona kazi yake ikienea ulimwenguni.

Tunaposoma teolojia ya maadili tunafundishwa kwamba mtu anaweza kukosa kwa kutenda, na anaweza kukosa kwa uzembe. Lübeck ni mfano wa pili. Hakuna aliyetaka kuua. Walitaka kuokoa, lakini chupa mbili ziliwekwa karibu mno. Nia njema haitoshi katika kazi inayogusa uzima wa watoto.

V. Masomoni: kupima kwanza, kuchanja baadaye

Katika nchi za kaskazini, hasa Norway, Sweden na Denmark, waganga hawakuacha. Huko Oslo mganga Johannes Heimbeck aliwapima wasichana waliokuja kujifunza uuguzi katika hospitali ya Ullevål. Karibu nusu yao hawakuwa na alama ya tuberkulini. Watu walidhani hao ndio wenye nguvu. Kumbe ndio walioanguka kwa wingi walipokutana na wagonjwa, kwa sababu miili yao haikuwa imejifunza kupigana. Basi akaanza kuwachanja wale wasio na alama. Huko Sweden mganga Arvid Wallgren alifundisha kuitia chanjo ndani ya ngozi, siyo kwa kinywa. Ndiyo njia tunayoijua sisi.

Hivyo ukapatikana utaratibu ulioenea katika masomo ya nchi nyingi. Siku ya kwanza watoto wote wanapigwa sindano ya tuberkulini. Siku ya tatu wanarudi. Asiye na alama anachanjwa. Mwenye alama hachanjwi, maana kijidudu kimekwisha kuingia mwilini mwake. Chanjo haimfai tena, na mkono wake ungevimba upesi na kutoa usaha. Huyo anatazamwa kifua, na watu wa nyumbani mwake wanaulizwa habari zao.

Baada ya vita kuu ya pili ugonjwa ulizidi katika Ulaya iliyojaa njaa na wakimbizi. Mwaka wa 1948 mashirika ya misaada ya Denmark, Norway na Sweden yaliungana na UNICEF. Mpaka mwaka wa 1951 walifanya kazi katika nchi zaidi ya 20 za Ulaya, Asia, Afrika ya Kaskazini na Amerika. Watu karibu milioni 30 walipimwa, wengi wao watoto na vijana, na karibu milioni 14 walichanjwa. Dunia ilikuwa haijaona bado kazi ya chanjo yenye ukubwa kama huo.

Lakini kazi ya haraka ina kasoro yake. Makundi ya waganga yalikuja, yakapima, yakachanja, yakaenda. Waliwatafuta watoto wasio na alama ili wawachanje. Wale wenye alama waliambiwa tu: “Wewe rudi nyumbani.” Mara nyingi hakuna aliyewafuata mpaka nyumbani ili kujua ni nani anayekohoa huko. Shahidi alisema, nao wakamwacha aende zake.

VI. Mwalimu mmoja katika Denmark

Hapa nataka kueleza habari moja ambayo kila mwalimu angepaswa kuijua. Ilitokea Denmark wakati wa vita, katika nyumba moja ya masomo yenye wanafunzi 368. Wajerumani walikuwa wameikamata nchi, na watu waliogopa ndege za vita. Madirisha yalifunikwa ili mwanga usionekane nje. Chumba kimoja cha chini, kilichotengenezwa kuwa kimbilio, kilitumika pia kwa kufundishia. Hewa haikuingia vizuri.

Wanafunzi wale walikuwa wamekwisha kupimwa. Kati yao 105 walikuwa na alama ya tuberkulini tangu zamani, 133 walikuwa wamechanjwa BCG, na 130 hawakuwa na alama wala chanjo. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1943 ugonjwa ulitokea ghafula. Waganga wakatafuta chanzo, wakakipata: mwalimu mmoja alikuwa na kifua kikuu, naye alikuwa akifundisha katika chumba kile.

Waliokaa karibu na ugonjwa huo pasipo alama wala chanjo walikuwa 94. Kati yao 41 waliugua. Waliochanjwa na kukaa vivyo hivyo walikuwa 106. Kati yao 2 tu waliugua. Mganga T. V. Hyge aliandika habari hiyo, na waganga wa nchi nyingi wakaitaja kama ushahidi wa nguvu ya BCG. Walisema kweli.

Lakini sisi walimu tuisome mara ya pili. Watoto 41 hawakuambukizana wao kwa wao. Mtoto mdogo mwenye kifua kikuu kwa desturi ana vijidudu vichache, na kikohozi chake hakina nguvu ya kuvitupa mbali. Ugonjwa ulitoka mbele ya darasa, mahali pa mwalimu, pamoja na sauti iliyokuwa ikifundisha. Chanjo iliwakinga wengi, lakini kama mwalimu angalipimwa mapema, na kama madirisha yangalifunguliwa, wale 41 pia wangalikingwa.

Katika Marekani wengi walifikiri hivyo. Nchi ile haikuchanja watoto wake wote. Huko Minnesota mganga J. Arthur Myers alishikilia kwamba heri kupima watoto tena na tena, na kila mkono wenye alama uwapeleke waganga kwa mtu mkubwa aliyeleta ugonjwa. Tena walimu na wafanya kazi wa masomo wapimwe pia. Wenye BCG na wenye kupima walibishana miaka mingi. Ubishi wao ulikuwa na shida yake ndani: mtoto akichanjwa, mkono wake unaweza kuonyesha alama kwa sababu ya chanjo yenyewe, na shahidi anakuwa na maneno mawili. Ndiyo sababu moja ya nchi nyingine kuikataa.

VII. Uingereza na India

Je, BCG inafaa au haifai? Waingereza walitaka jibu lisilo na shaka. Kuanzia mwaka wa 1950, katika London, Birmingham na Manchester, walipima vijana zaidi ya 50,000 wenye miaka 14 hadi 15 waliokuwa karibu kumaliza masomo. Kati ya wasio na alama, wengine walichanjwa, wengine hawakuchanjwa, na wote wakafuatwa kwa miaka. Ilionekana kwamba chanjo ilizuia karibu 80 kwa mia ya ugonjwa. Tangu mwaka wa 1953 Uingereza ikawachanja watoto wa masomo wa miaka karibu 13, mpaka mwaka wa 2005, ambapo ugonjwa ulikuwa umepungua sana na chanjo ikawekewa wale walio katika hatari.

India ilikuwa na habari nyingine. Mwaka wa 1955 C. Rajagopalachari, mtu mashuhuri wa siasa wa Madras, aliandika akiipinga kazi ya kuchanja watoto wote. Wakubwa wengi walimdharau kana kwamba ni mtu wa zamani tu. Kuanzia mwaka wa 1968, katika wilaya ya Chingleput karibu na Madras, waganga walifanya jaribio kubwa lenye watu zaidi ya 250,000. Matokeo ya kwanza yalipotangazwa mwaka wa 1979, yaliwashangaza wote: chanjo haikuwakinga watu wakubwa na kifua kikuu cha mapafu.

Dawa moja, majibu mawili. Sababu zake zingali zinachunguzwa. Wengi wanafikiri kwamba katika nchi za joto udongo na maji vina vijidudu vya jamii hiyo visivyo vikali, vinavyogusa mwili wa mtoto mapema na kuipunguzia chanjo nguvu yake. Neno moja limebaki imara: BCG ikitolewa kwa mtoto mchanga, inamkinga hasa na namna mbaya kabisa za ugonjwa, ule unaoshika utando wa ubongo na ule unaoenea mwilini mzima. Kwa hiyo tangu mwaka wa 1974, Shirika la Afya Ulimwenguni (OMS) lilipoanzisha mpango wa chanjo kwa watoto wa nchi zote, BCG inatolewa mara moja, mapema baada ya kuzaliwa. Desturi ya kupima na kuchanja masomoni ikapungua katika nchi nyingi.

Basi BCG ni ngao ya mtoto mdogo. Si ukuta wa kuzuia ugonjwa usitembee kati ya watu wakubwa. Aliyechanjwa utotoni asiseme: “Mimi nina kovu, kikohozi changu ni cha baridi tu.”

VIII. Na sisi?

Kongo yetu ingali kati ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Watoto wachanga wanachanjwa katika vituo vya afya, wale wanaofikishwa. Dawa zipo pia: streptomisini ilipatikana mwaka wa 1943, isoniazidi ikaanza kutumika mwaka wa 1952, na siku hizi mgonjwa wa kawaida anapona kwa dawa za miezi 6, akizimeza zote pasipo kuacha.

Nitaeleza jambo moja lililonipata, si kwa kujisifu. Mkatekista mmoja, mtu mwaminifu, alikohoa tangu Majilio mpaka Kwaresima. Alifundisha wakatekumeni kila siku katika chumba kidogo chenye dirisha moja. Nilimwambia anywe chai ya moto na apumzike Jumatatu. Yeye aliogopa kwenda kupimwa, maana alidhani atanyang’anywa kazi na watu watamkimbia. Nami niliogopa kukosa mtu wa kuwatayarisha wabatizwa wa Pasaka. Alipotema damu ndipo tukampeleka. Alipona, anafundisha mpaka leo. Lakini watoto wawili wa nyumba yake walikutwa na ugonjwa, na mdogo kati yao alikaa hospitalini muda mrefu. Nikikumbuka habari ya Denmark najua kwamba kosa halikuwa la kikohozi chake tu. Lilikuwa pia la chai yangu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tushike mambo haya machache.

Kwanza, anayekohoa majuma mawili au zaidi apimwe makohozi. Sheria hiyo ianze na sisi: padri, frateri, mkatekista, mwimbishaji. Kumwambia mtu wetu aende kupimwa si kumfukuza. Tumhakikishie mbele ya wengine kwamba nafasi yake inamngoja, na kwamba dawa ikianza kazi atarudi kati yetu.

Pili, mtoto akikutwa na ugonjwa, tusimwulize amefanya nini. Tuulize ni nani anayekohoa karibu naye: nyumbani, masomoni, katika kwaya. Na mtu mkubwa akikutwa nao, watoto wa nyumba yake wapelekwe kutazamwa, hata wakionekana wazima, maana kuna dawa ya kuwakinga wadogo.

Tatu, tufungue madirisha. Ni dawa isiyohitaji franka. Siku ya mvua tuache angalau upande mmoja wazi.

Nne, mama anapomleta mtoto kubatizwa, tumwulize kwa upole kama amekwisha kumpeleka kuchanjwa. Na kama mtoto ana ugonjwa wa ukimwi, au anashukiwa kuwa nao, tumwachie mganga neno, maana kwa huyo BCG inaweza kuwa hatari.

Tano, tuwe watu wa kweli. Wazazi wakiuliza, “Chanjo hii itamkinga mtoto wetu kabisa?”, tusiwadanganye kwa neno kubwa kuliko ukweli. Lübeck na Chingleput zinatufundisha kwamba imani ya watu inavunjika pale wanapoahidiwa mno. Tuwaambie: inamkinga na ubaya mkubwa akiwa mdogo, yanayobaki ni kazi yetu sote.

Bwana wetu alipomponya mwenye ukoma alimtuma ajionyeshe kwa kuhani, ili arudi katikati ya watu wake kwa heshima. Kazi hiyo ya kutazama, kungoja na kurudisha haijatuishia. Tukiona kovu dogo katika mkono wa mtoto anayeshika katekisimu mbele yetu, tusisahau kujiuliza kama kifua kinachomfundisha ni kizima.